Maji ya Namba Kumi na Nne

Kwa miaka saba Pipeti aliongea na vijidudu tu, na vijidudu havikuwahi kumjibu vibaya. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara wiki yake ya kwanza kazini, kwa kuwa, kama ule mrija wa kudondoshea maji, alikuwa mwembamba, mnyoofu, na maneno yalimtoka kwa kipimo, tone kwa tone. Mwenyewe hakulichukia.

Maabara ilikuwa ya kupima maji. Watu walileta maji ya visima, ya matangi, ya viwanda vidogo. Pipeti aliyachuja, akailaza karatasi ya kuchujia juu ya visahani vyenye chakula cha vijidudu, akavifungia visahani kwenye kabati la joto, na kesho yake akahesabu vidoa vilivyoota. Vidoa vingi, maji mabaya. Kisahani kitupu, maji mazuri. Baada ya hapo anasaini cheti, anaosha mikono, anavuta chupa nyingine.

Chupa zilimfikia zikiwa na namba, si majina. Ndio uliokuwa utaratibu, ili mpimaji asije akamwonea mtu huruma au akamkomoa. Kwa hiyo wateja wake wote walikuwa namba, lakini ukikaa na namba miaka saba huanza kuwa na tabia kama watu. Namba Thelathini na Moja alikuwa mkaidi: mwezi huu maji yake yameshindwa, mwezi ujao yanakuja yale yale, utadhani anafanya makusudi. Namba Kumi na Nne alikuwa kipenzi chake. Kila baada ya miezi miwili chupa zake zilikuja, na kila mara visahani vilitoka vitupu, hata kidoa kimoja cha bahati mbaya hakuna. "Kuna watu wanajua kuishi," alikuwa akijisemea huku akisaini.

Ni yule mkaidi aliyemtoa mezani. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja mfululizo maji yake yakishindwa, na Pipeti akamuuliza mwenzake wa meza ya pili, "Hivi huyu mtu cheti anakisoma kweli?"

"Anakisoma sana," mwenzake akasema. "Ila kimeandikwa kwa lugha ya vijidudu, na yeye ni binadamu."

Walicheka, lakini Pipeti aliacha kwanza. Siku hiyo hiyo alikitazama cheti kana kwamba ni mara yake ya kwanza kukiona. Namba, alama, kifupisho, namba. Mahali pa kusema *usinywe haya maji, ndugu yangu* hapakuwapo. Basi wiki mbili baadaye, bosi alipotangaza kwamba afisa wa wateja ameacha kazi na kwamba anatafutwa wa kumrithi, mkono wa Pipeti ulikuwa juu kabla mwenyewe hajajua ameunyanyua.

"Wewe?" bosi akasema. Alikuwa mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi, kalamu haikumtoka sikioni. "Pipeti, wewe mtu akikusalimia leo unaitikia kesho."

"Nitajifunza."

"Wateja si visahani. Huwafungii kabatini wakatulia."

"Najua, bosi."

Bosi akatazama kalenda ukutani. "Miezi mitatu ya majaribio. Lakini sikufichi: meza yako nampa mtu wiki hii hii, kazi haisubiri. Ukishindwa huko nje, huku ndani hutakuta kiti."

Pipeti akapiga moyo konde akakubali.

Alikuwa akiishi kwa kaka yake, na wifi yake alikuwa muuza mapazia, mwanamke ambaye angeweza kukuuzia pazia nawe huna dirisha. Jioni ile ile wifi aliamua kumfundisha kazi. Alikaa mkekani katikati ya marundo ya mapazia ya kukunja, akajitia mteja.

"Haya, mimi maji yangu ni mabaya. Nimekuja. Niambie."

Pipeti akasimama wima mlangoni, akakohoa. "Sampuli yako imeonyesha uwepo wa bakteria kuzidi kiwango kinachokubalika."

Wifi aliacha kukunja. "Mh. Wifi yangu, unaongea kama risiti."

Gazeti ambalo kaka alijidai analisoma likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Sasa nisemeje?"

"Kwanza kaa chini. Habari mbaya haisemwi na mtu aliyesimama, mwenzio atadhani unataka kukimbia. Halafu mwambie tu, kama unavyoniambia mimi chumvi ikizidi."

"Mbona wewe sikuambiagi chumvi ikizidi? Nakula tu."

"Wote tunakula tu," kaka akasema nyuma ya gazeti.

Wifi akamrushia mumewe pazia kichwani. Lakini somo lilikuwa limeingia.

Wiki ya kwanza Pipeti alimwendea Namba Thelathini na Moja. Kumbe hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, mzee kidogo, mpole, vyeti vyake vyote kumi na moja amevipanga ndani ya bahasha moja. Pipeti alikizunguka kisima, kisha akakaa, akamwambia kwamba choo cha jirani kinavujia kisimani kwake na wapangaji wanakunywa yanayotoka huko.

"Choo?" yule mtu akasema. "Miezi kumi na moja mnaniandikia namba, kumbe neno lenyewe ni choo? Mngeniandikia choo, mwanangu. Choo ninakijua."

Kabla wiki haijaisha kisima kilikuwa kimefungwa na bomba jipya linachimbiwa. Pipeti alirudi nyumbani anatembea kama aliyekanyaga pamba. Akajiona kweli kazi hii ameumbiwa. Wateja wengine wakafuata, mmoja mmoja, na ulimi wake ukazidi kulainika. Mwezi wa tatu ulipoanza ndipo ilipofika zamu ya Namba Kumi na Nne, na alimwendea kama mtu anayekwenda kukutana na rafiki wa kuandikiana barua.

Ilikuwa shule ya watoto wadogo, wale wa miaka miwili mpaka mitano, wanaoachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, kwa kuwa nusu ya wazazi wanaoleta watoto pale aliwapokea yeye walipozaliwa. Alikuwa pia mwenyekiti wa wenye shule za watoto. Shule tisa zilipima maji yao pale maabara kwa sababu yeye alisema wapime pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa maabara? Mbona mwembamba hivi, hawakulishi?" Akamshika mkono, akampeleka koridoni. Ukutani, kuanzia mlango wa jikoni mpaka mlango wa darasa, vyeti vya maji vilikuwa vimepangwa ndani ya fremu, safu mbili. "Hii saini nimeishi nayo miaka saba. Ya nani?"

"Yangu."

Mama Mkunga alimkumbatia mpaka Pipeti akasikia mbavu zikilia. "Basi wewe ni mtu wa nyumbani. Mzazi akija na maswali yake, namsimamisha hapa. Namwambia soma."

Chupa za kuchotea maji Pipeti alikuwa amekuja nazo mwenyewe, kwa kuwa siku ya kupima ilikuwa ndiyo hiyo. Jana yake maabara ilikuwa imepiga simu kutoa taarifa, kama ilivyopiga kila mara. Mama Mkunga akamwita mtunza shule, mwanamume wa makamo mwenye mikono mikavu ya kazi, ambaye watoto walimwita Babu Bomba kwa kuwa kila kitu kinachotoa maji pale kilikuwa chini yake. Babu Bomba akazichukua chupa kwa heshima, kama anayepokea sahani za wageni. Akaenda nazo kwenye sinki. Akafungua ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akakunja uso, akaisuuza. Akaitikisa, akamwaga. Akarudia mara ya pili. Akarudia mara ya tatu.

"Babu," Pipeti akasema taratibu, "unafanya nini?"

"Naziosha, dada. Usichukie, lakini chupa zenu kila mara huja na vumbi vumbi chini. Mimi siwezi kumpa mgeni maji kwenye chombo kichafu."

Lile halikuwa vumbi. Ilikuwa dawa, unga mweupe kidogo uliowekwa na maabara ili uikate nguvu klorini, ile dawa ya kusafishia maji, mara maji yanapoingia. Bila ule unga klorini huendelea kuua vijidudu njiani, saa baada ya saa, na chupa ikifika maabara ni makaburi matupu.

Pipeti alizitazama zile chupa zilizosuuzwa. Akauliza, kama anayeuliza bei ya sabuni, "Na klorini kwenye tangi unaweka lini?"

"Jana, mlipopiga simu. Nimeweka ya kutosha. Mgeni anakuja, mwenyeji asifagie?"

"Na siku ambazo hatupigi simu?"

Babu Bomba akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa kama hufagia na usiku. "Nikikumbuka. Dawa yenyewe inanuka, watoto wanakataa kunywa."

Hapo ndipo Pipeti alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa maabara. Mtu wa maabara hasemi kabla kisahani hakijasema. Amefundwa hivyo: shaka si jibu, pima kwanza. Kwa hiyo alimgeukia Mama Mkunga, akatabasamu, akamwomba ruhusa ya kurudi Jumatatu bila kupiga simu, achote mwenyewe.

"Nyumba yangu haina la kuficha," Mama Mkunga akasema. "Njoo hata nikiwa nimelala."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa watoto walikuja, wakacheza, wakanywa maji. Jumatatu wakanywa tena, na saa nne Pipeti akaja na chupa zake zenye unga, akachota kwenye bomba la jikoni na kwenye tangi lenyewe. Tangi lilikuwa la zege, nyuma ya jengo, kubwa kama chumba. Mfuniko wake ulikuwa bati lililoliwa na kutu pembeni, na njiwa watatu walikuwa wamekaa juu yake, hawakujisumbua hata kuruka.

Jumanne asubuhi alikwenda maabara mapema, akamwomba binti aliyepewa meza yake amruhusu kufungua kabati la joto mwenyewe. Alivitoa visahani, akavishika kwenye mwanga. Vidoa vya buluu vilikuwa vimetapakaa kisahani kizima, vile vya vijidudu vinavyotoka kinyesini. Akahesabu mpaka sitini akaacha. Alibaki amesimama pale pale, kisahani mkononi, kwenye meza ambayo haikuwa yake tena.

Kisha akatoa karatasi ya maelekezo ya kuchota maji, ile inayotumwa pamoja na chupa. Aliitunga yeye, miaka sita iliyopita, na alikuwa akijivunia ukamilifu wake. Kurasa tatu, maandishi ya kunyonga macho. Akatafuta. *Chupa isisuuzwe.* Mstari wa kumi na tisa, ukurasa wa pili, chini ya aya ndefu ya jinsi ya kubandika lebo.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Kalamu aliitoa sikioni, akairudisha, akaitoa tena.

"Tuma cheti," akasema. "Maji yameshindwa, cheti kiseme yameshindwa. Namba zitajieleza."

"Namba hazijielezi, bosi. Nimekaa nazo miaka saba."

"Basi nenda ukamweleze. Jana maji yalikuwa mabaya, atibu tangi. Hapo hujasema uongo."

"Na vile vya ukutani?"

Bosi akageuza uso. Nje ya dirisha dereva alikuwa anapakia makasha ya chupa garini. "Vile vilikuwa sahihi kwa maji yaliyoletwa."

"Yaliyoletwa siyo wanayokunywa watoto."

"Pipeti, nisikilize vizuri, sikugombezi." Sauti yake ilikuwa ya mzazi. "Yule mama akiondoka, shule tisa zinaondoka naye. Majaribio yako yamebakiza wiki tatu. Mimi nina wa juu yangu, nao wataniuliza: tulimtoa mpimaji hodari mezani, ametuletea nini? Sikukatazi. Nakuambia ili usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa, bosi."

Njia nzima alitunga hotuba. Aliipima kila neno, akaongeza hapa, akapunguza pale. Alipofika mlangoni pa shule yote ilikuwa imeyeyuka, amebaki na visahani viwili ndani ya kimfuko.

Ofisi ya Mama Mkunga ilikuwa na meza moja kubwa, na kiti cha mgeni kilichobaki kilikuwa cha watoto, chekundu, urefu wa goti. Pipeti akakikalia. Magoti yalimfika kifuani.

"Mama, maji yako yana kinyesi cha ndege. Watoto wasiyanywe tena, kuanzia sasa hivi."

Mama Mkunga hakupoteza hata pumzi moja. Aliinuka, akatoka koridoni, na sauti yake ikasikika jikoni ikisema mitungi imwagwe, sufuria kubwa ziwekwe motoni, na hakuna mtoto kugusa bomba. Ni sauti iliyowahi kuokoa watu. Kisha akarudi, akafunga mlango, akakaa.

"Tangu lini?"

Hili ndilo swali ambalo Pipeti angeweza kulikwepa. Angesema *tangu jana*, na asingekuwa ametia chumvi wala sukari.

"Sijui," akasema. "Huenda siku nyingi. Vyeti vilivyo pale ukutani, mama, havikuambii lolote. Dawa ilikuwa inawekwa siku tunayopiga simu, na chupa zilikuwa zinasuuzwa, kwa hiyo tulikuwa tunapima maji ya siku moja tu, tena yaliyosafishwa mpaka njiani. Nilisaini nilichokiona. Lakini nilichokiona hakikuwa maji yako."

Akatoa visahani akaviweka mezani. Mama Mkunga aliviangalia bila kuvigusa. Watoto walikuwa wanaimba namba darasani, wanakosea saba, wanaanza upya.

"Alhamisi ulimwona akisuuza," Mama Mkunga akasema. "Ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilitaka nipime kwanza."

"Ijumaa wakanywa. Jana wakanywa."

"Ndiyo, mama. Ningesema tu wachemshe. Neno moja. Ningelisema na kama nimekosea, hasara ingekuwa kuni."

Mama Mkunga hakumpoza. Alivuta daftari la mahudhurio, akalifungua, akavaa miwani. Kidole chake kinene kikaanza kushuka kwenye safu ya sababu za kutokuja. Kikasimama. Kikashuka tena, kikasimama. Akafungua ukurasa mwingine. Kidole kilisimama mara nyingi kuliko kilivyoshuka.

"Tumbo," akasema. "Tumbo. Kuharisha. Tumbo." Akavua miwani. "Nilisema ni meno. Mimi, nimezalisha miaka thelathini, wazazi wakaja na hofu zao, nikawapeleka pale koridoni, nikawaonyesha saini yako, nikawaambia maji hayana neno, mtoto anaota meno. Huyu hapa ana miaka minne. Meno gani?"

Pipeti alitamani kusema kitu cha kufariji, akaona hana haki nacho. Akakaa tu pale kwenye kiti chekundu, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

Mama Mkunga akapangusa uso kwa kiganja. "Jioni wazazi wanakuja kuchukua watoto. Utasimama uwaambie haya uliyoniambia. Yote, na ya Alhamisi."

"Mama, wengine wataondoa watoto."

"Wataondoa. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nimewaambia wanawake maneno hayo maisha yangu yote, leo zamu yangu."

Saa kumi wazazi walikuwa wamejaa darasani, wengine wamesimama, wengine wamekalia viti vya goti, watoto wamening'inia shingoni. Pipeti hakuwahi kuongea mbele ya watu zaidi ya wanne. Aliwaambia. Alipofika kwenye chupa aliona nyuso zinapotea, akaacha, akaanza tena kwa njia nyingine.

"Ni kama mnampeleka mgonjwa hospitali, na njia nzima mnamnywesha dawa. Akifika, daktari anampima, anasema huyu hana kitu. Kweli hana kitu, pale. Lakini nyumbani mmewaacha wagonjwa kumi."

Hapo wakaelewa, na walipoelewa chumba kilichemka.

"Nani alikuwa anaosha hizo chupa?" baba mmoja mwenye sare ya ulinzi akauliza. Vichwa vikageuka kumtafuta Babu Bomba, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Karatasi ya maelekezo niliiandika mimi," Pipeti akasema haraka. "Niliandika kurasa tatu, na neno lenyewe nikalificha katikati. Yeye aliletewa chombo kinachoonekana kichafu, akakiosha. Kuna hapa ambaye asingekiosha?"

Baba yule alimtazama Babu Bomba, akaangalia pembeni.

Mama mmoja, msichana tu, mtoto amelala begani, akanyanyua mkono. "Dada, mwanangu aliugua wiki mbili mwezi uliopita. Ni haya maji?"

Pipeti alijua jibu la maabara: hatuwezi kuthibitisha. "Sina njia ya kuwa na hakika," akasema. "Lakini ungeniuliza kama dada yako, ningekuambia nadhani ni haya. Na nisamehe."

Yule msichana alimtazama, wala hakusema amesamehe. Akapanga vitu vya mwanawe mkobani na kuondoka. Wanne wengine walimfuata. Mwenye sare ya ulinzi alibaki, akamuuliza Mama Mkunga kama kesho mtoto aje na maji yake ya nyumbani, naye akamwambia aje nayo, wote waje nayo mpaka atakapowaambia vingine. Kisha wakatawanyika.

Pipeti alimtafuta Babu Bomba, hakumwona. Alimkuta nyuma ya jengo. Alikuwa amefungulia maji yote ya tangi yakimwagika mtaroni, na mwenyewe ameketi juu ya ukingo wa zege, suruali imekunjwa magotini, brashi ya kusugulia mapajani. Lile bati la kutu alikuwa amelitupa chini.

"Wajukuu zangu wawili wanasoma hapa," akasema bila kugeuka.

"Babu, mimi ndiye niliyekosea kwanza."

"Nimesikia. Maneno mazuri yale. Lakini njiwa niliwaona mimi, dada, si wewe." Akaisugua brashi kwenye kiganja. "Nikaona ni ndege tu."

Pipeti alivua viatu vyake vya ofisi, akavipanga ukutani, akapandisha sketi na kuifunga fundo. "Brashi nyingine iko wapi?"

"Humo ndani kunateleza. Na kunanuka."

"Nimefanya kazi miaka saba na harufu mbaya kuliko hii. Nyingine naikuta wapi?"

Babu Bomba alimtazama miguu, akatikisa kichwa, akaenda kuleta.

Ndani ya tangi sauti zilikuwa kubwa. Kuta zilikuwa na utelezi wa kijani, na kwenye pembe moja mchanga na manyoya vilikuwa vimekusanyika kama uchafu wa miaka. Walisugua kimya kimya, yeye upande huu, Babu Bomba upande ule, wakaanza kuelewana nani anamwagia nani anafuta. Mabega yalikuwa yameanza kumuuma simu yake ilipoita kwenye mfuko wa blauzi. Aliipokea kwa vidole viwili.

"Pipeti," bosi akasema, "nimesubiri kutwa nzima. Umemwambia?"

"Nimemwambia yote. Na wazazi pia."

"Wazazi? Wote?" Kisha, kwa sauti ndogo, "Tumempoteza?"

"Sijui, bosi. Hajaniambia."

"Muulize basi."

"Siwezi sasa hivi. Niko ndani ya tangi."

"Uko ndani ya nini?"

Juu ya vichwa vyao mwanga ukazibwa. Mama Mkunga alikuwa ameinama kwenye tundu, pumzi zimemwishia kwa kupanda ngazi, ndoo mkononi. Alimwangalia mtunza shule wake, akamwangalia huyu binti aliyefunga sketi fundo, tope mpaka kwenye nyusi.

"Pokeeni," akasema, akaishusha ndoo kwa kamba. "Yamechemka haya, msiungue. Na wewe mwembamba, ile pembe ya kushoto hujaigusa. Naiona kutoka huku."

"Nakuja kuigusa, mama," Pipeti akasema, akairudisha simu mfukoni bila kuikata, akaipokea ndoo.